Matarumbeta ya Jumamosi na Wale Walioimba Vitani

Wasomaji wetu, Jumamosi moja tulisimama kando ya njia huko Tandika, katika Temeke, tukawatazama wapiga matarumbeta wakipita mbele ya gari la arusi. Walikuwa vijana saba, wamesimama nyuma ya pikapu, wamevaa mashati ya rangi moja. Matarumbeta manne, ngoma kubwa moja, na ngoma ndogo mbili. Watoto wakawafuata mbio vumbini hata mlango wa ukumbi. Hapo mzee mmoja wa kamati ya arusi akawazuia wasiingie. "Hawa ni wahuni," alisema, "kazi yao ni kuiga Wazungu. Wamekwisha piga, basi na walipwe waende zao." Wakaketi juu ya ukuta, nje, pasipo maji wala chakula, hata saa mbili ya usiku, ndipo fedha yao ikaletwa, nayo ilikuwa pungufu.

Karibu nasi alikuwapo mwanafunzi wetu wa darasa la sita. Akatuuliza, "Mwalimu, haya matarumbeta yalitoka wapi?" Tukamjibu upesi, "Yaliletwa na Wazungu," tukashika njia yetu. Tangu siku ile jibu hilo latutia haya, maana kwa maneno yale machache tulisema sawasawa na mzee ambaye moyoni tulikuwa tukimlaumu.

Basi leo twataka kushindana na neno hilo, la mzee na letu pia. Twasema kwamba wapiga matarumbeta wa Temeke na Kinondoni ni warithi wa watu walioimba na kupiga ngoma katikati ya vita vikuu viwili, na ya kuwa tumewasahau watu hao kwa sababu tuliwahesabu kuwa waigaji. Hatuandiki ili kutetea kelele. Apigaye tarumbeta usiku wa manane chini ya dirisha la mgonjwa yapasa akaripiwe, nasi tutamkaripia. Lakini kukaripia kelele ni jambo moja, na kumnyang'anya mtu asili yake ni jambo jingine kabisa.

Asili yenyewe ni beni. Ngoma hii ilianza katika pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana wa pwani walikuwa wamezisikia bendi za majeshi na za misheni, na ile ya Sultani wa Unguja, wakajifanyia zao. Kabla ya mwaka 1914 beni ilikuwa imekwisha ingia Dar es Salaam, ikagawanyika pande mbili, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa ndio waungwana wa mji, makarani na watu wenye kazi za heshima. Arinoti walikuwa watu wa hali ya chini. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali wake, mahakimu wake, na wanawake wenye vyeo vyao. Walivaa sare, wakaenda kwa gwaride, wakashindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kusutana. Tena mwenzao akiugua walimtunza, na akifa walimzika. Jambo hili wasilisahau wale wanaodhani kwamba ulikuwa mchezo mtupu.

Mzee wetu wa ukumbini atasema, "Je, huko si kuiga?" Ndiyo, waliiga. Lakini na tuangalie waliiga nini. Mtu ambaye serikali haikumpa cheo chochote alijiita jenerali. Mtu aliyekuwa akiamriwa mchana kutwa alisimama jioni akatoa amri. Wakubwa wa serikali ya Kiingereza, walipokwisha kuitwaa nchi, walilielewa jambo hili kuliko sisi. Waliuliza habari za beni kila mahali, wakashuku kwamba ndani yake mna siasa. Wamisionari nao, wengi wao, waliwakataza waumini wao wasiicheze, ingawa misheni zenyewe zilikuwa na bendi zao. Hakuna atumaye watu kupeleleza mchezo wa kuiga tu.

Vita vilipoanza mwaka 1914, watu hawa walichukuliwa. Wengine walikuwa askari wa Wajerumani, wengine wakawa wa Waingereza, na wengi kupita hao wote wakawa wapagazi. Habari zao zimebaki katika jina la Kariakoo, ambalo ni jina la kikosi cha wapagazi kama lilivyotamkwa na wenyeji. Maelfu ya watu hupita pale kila siku kununua viatu na vitambaa, wala hawajui kwamba wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa.

Katika taabu hiyo beni haikufa, ilikua. Ilichezwa katika kambi za askari, katika kambi za wapagazi, na hata katika kambi za mateka. Mtu wa pwani alimfundisha mtu wa bara, naye, vita vilipokwisha Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, alirudi kwao na ngoma hiyo. Ndivyo ilivyofika hata Ziwa Nyasa na kuvuka mipaka. Katika nchi ya Malawi, watu wasio na matarumbeta ya shaba walitengeneza ya vibuyu, na ngoma yao iitwayo malipenga ni uzao wa beni. Sisi twajaribu kumwona yule mpagazi wa kwanza aliyefanya hivyo: mabega yamechubuka kwa mizigo ya watu wengine, jirani yake amezikwa juzi kando ya njia, naye jioni anajipanga mstarini na wenzake na kupuliza. Anayemwita mtu huyu mwigaji, sisi hatujui atamwita nani msanii.

Tulipokuwa tukiyawaza haya, mwenzetu mmoja akaaye Mwananyamala, katika Kinondoni, alituonyesha sinema ya zamani ya Marekani, For Me and My Gal, iliyotolewa mwaka 1942. Twaieleza kwa sababu inahusu jambo hilihili, yaani waimbaji wa jukwaani wakati wa vita, na vita vyenyewe ni vilevile vya 1914 hata 1918. Mwanamume ni Harry Palmer, naye ameigizwa na Gene Kelly, ambaye hii ilikuwa sinema yake ya kwanza; mwanamke ni Jo Hayden, naye ni Judy Garland. Wawili hawa wana tamaa moja, kuimba katika jukwaa kuu la New York liitwalo Palace. Nafasi inapopatikana, Harry anaitwa jeshini. Basi anauponda mkono wake kwa kifuniko cha sanduku ili asichukuliwe. Siku ileile Jo anapata habari kwamba ndugu yake ameuawa vitani, akautazama mkono ule, akamwacha. Baadaye Harry anakwenda Ufaransa kuwaimbia askari, na huko anahatarisha maisha yake kuyaonya magari ya majeruhi yasiingie penye mizinga; ndipo Jo anamrudia.

Ni sinema nzuri, nasi hatuoni haya kusema kwamba nyimbo zake zilitupendeza. Lakini mtu aitazame akiwa macho. Ilitengenezwa Marekani ikiwa imekwisha ingia katika Vita vya Pili, na walioitengeneza hawakutaka vijana wapate mawazo ya kuponda mikono yao. Tena walipoionyesha kwanza kwa watu wachache kabla ya kuitoa, watazamaji hawakumpenda Harry, wakaona ingekuwa heri Jo aolewe na mwimbaji mwingine, Jimmy. Ikabidi mwisho wake upigwe upya, na Harry aongezewe ushujaa. Ndiyo kusema, mwimbaji hakusamehewa bure. Alilipizwa mpaka watazamaji wakaridhika.

Hapa ndipo ugomvi wetu ulipo. Harry Palmer alitendewa kama mtu mwenye dhamiri: aliulizwa, akachagua vibaya, akalaumiwa, akatubu. Mpagazi wa Uzaramo aliulizwa na nani? Kama angeuponda mkono wake asichukue mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyake, nani kati yetu angethubutu kumlaani? Hakuponda. Alibeba, na usiku akapiga ngoma. Wamarekani walichukua habari za waimbaji wawili, wakazifanya sinema ya dunia nzima. Sisi tulikuwa na pande mbili nzima, Marini na Arinoti, zenye wafalme na majenerali, na mtoto wa darasa la sita anaambiwa kwamba matarumbeta yaliletwa na Wazungu, basi.

Vita vya Pili havikuwa tofauti sana. Kutoka Tanganyika walikwenda zaidi ya watu 80,000. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, katika mvua na matope na malaria. Jeshi la KAR lilikuwa na kikosi cha burudani, na katika kikosi hicho alikuwamo kijana wa pwani ya Kenya, Fundi Konde, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga gitaa mashuhuri wa Afrika Mashariki. Twamtaja yeye kwa sababu jina lake limehifadhiwa. Wenzake wengi hayakuhifadhiwa.

Wapo watakaotujibu kwamba waimbaji hao walitumiwa. Kwamba wimbo humsahaulisha kijana kaburi linalomngoja, na bendi ya jeshi ni chambo tu. Hatukatai. Wimbo uliweza kumvuta mtu jeshini, na sinema tuliyoitaja yenyewe ni chambo cha namna hiyo, tena chenye sukari nyingi. Lakini hatia ya chambo ni ya mvuvi. Na kama twamhukumu mwimbaji kwa sababu alitumiwa, yatupasa tumhukumu na askari, na mpagazi, na karani, na mwalimu aliyewafundisha watoto nyimbo za kumsifu mfalme. Sisi walimu tutajificha wapi?

Mjini Dar es Salaam, katika barabara ya Samora, ipo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Askari ameinamisha bunduki yenye singe, ameelekea bandarini. Chini yake yamo maandishi kwa Kiingereza na Kiswahili, nayo yanawakumbuka askari pamoja na wapagazi. Ni vema. Mpagazi alipata walau mstari mmoja wa shaba. Aliyempigia ngoma mpagazi huyo usiku hana hata huo.

Hatuombi sanamu ya pili. Fedha ya sanamu huliwa na kamati. Twaomba walimu wenzetu wa Temeke na Kinondoni, wafundishapo habari za vita vile, wafundishe pia Marini na Arinoti, maana jambo hili laweza kumalizika kwa kipindi kimoja. Twaomba kamati za arusi ziwape wapiga matarumbeta viti, sahani ya pilau, na malipo yao kamili kabla ya jua kuchwa. Na ninyi wasomaji wetu wa vijijini, ambao babu au bibi zenu walicheza beni, andikeni jina lake, upande wake, cheo alichopewa na kijiji alichochezea, mkakipeleke kikaratasi hicho kwa mwalimu wa shule iliyo karibu. Sisi kwa upande wetu tutamwita yule mtoto wa darasa la sita siku ya Jumatatu, tumwambie kwamba tulimjibu vibaya, tuanze upya tangu Lamu.