Haki ya Paka Aliyepasuliwa



Majuma mawili yaliyopita, baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alitujia akauliza kwa sauti ya chini, kama aliyeona haya. Paka wake amefungwa kizazi, na tangu aliporudi amejikunja mvunguni mwa kitanda, hali wala hanywi. Je, amemdhulumu?

Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya kumfunga mnyama kizazi. Wako waliokataza, na wako walioruhusu pakiwa na maslaha na mnyama asiteswe. Hatutaingia humo leo. Paka huyu ameshapasuliwa, na lililobaki ni haki yake juu ya aliyempeleka.

Upasuaji huu si mdogo. Daktari humlaza paka kwa nusukaputi, akampasua na kutoa vifuko vya mayai, na mara nyingi mji wa mimba pia. Usiku wa kwanza atayumba kama dau lililopigwa na wimbi. Mwekeni chumba cha chini, kilicho kimya na chenye joto, mbali na ngazi. Mpeni chakula kidogo, na maji yawe karibu. Akikataa kula jioni ile si ajabu. Ikipita siku nzima hajaonja kitu, arudishwe kwa daktari. Ndivyo tulivyomwambia yule mama, naye akaenda.

Na hapa tukiri kosa letu. Paka wa nyumbani kwetu alipolia usiku wa namna hiyo, sisi wenyewe tulishika kidonge cha Panadol tukitaka kumvunjia nusu. Binti yetu akatuzuia mkono, akasema daktari apigiwe simu kwanza. Kumbe dawa hiyo ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja kama letu, na kidonge kimoja chatosha kumuua. Kidonda nacho kisipakwe Dettol, wala majivu, wala manjano. Dawa ni ile aliyoitoa daktari tu.

Kisha huja siku 10 hadi 14 za kumzuia asiruke, asipande dari, asitoke nje, wala asioshwe. Hapo ndipo wengi huona uzito, maana mnajua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Lakini yeye alimfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mwenye kumfungia mgonjwa ndani, akamlisha, akamnywesha na kumtazama, hayumo katika habari ile. Anayemfungia kisha akamsahau, huyo na aogope.

Ukosi wa plastiki aliovishwa shingoni msimvue kwa huruma, kwani akiulamba mshono atazifungua nyuzi. Chombo chake cha haja kitieni karatasi zilizochanwa badala ya mchanga, usije ukagandamana na kidonda. Mtazameni tumbo asubuhi na jioni. Wekundu kidogo hauna neno. Uvimbe unaozidi, usaha, harufu, au ufizi uliopauka, hayo hayangoji kesho.

Yule mama aliuliza pia kuhusu sala. Kanga aliyolalia paka, ikiwa ina damu, ioshwe kabla ya kusali nayo, kwani damu ni najisi. Ama maji aliyoyanywa paka, hayo ni tohara, tawadheni.