Vidakio vya Uluguru Vichaguliwe kwa Ramani

Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo wa maji baada ya Mto Ruvu kupungua. Tulizungumzia sana visima na mabomba, kidogo mno milima ya Uluguru, kunakoanzia mito mingi inayoulisha Ruvu. Na milima hiyo ikitajwa, jibu huwa moja: tupande miti ishike udongo. Lakini wapi? Fedha za hifadhi ni chache. Zikitawanywa mlima mzima hazitibu popote, na miche huishia kupandwa pale gari linapofika bila taabu.

Uluguru haina tabia moja. Miinuko ya mashariki, inayopokea upepo wa bahari, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali magharibi, upande wa Mgeta, ni pakavu zaidi na mboga hulimwa kwenye miteremko mikali. Kwa hiyo tope haliingii mtoni kwa kiasi kilekile kutoka kila bonde. Vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa kwa rada ya chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000, vinapatikana bure kwa vipande vya takriban mita 30. Kwavyo kompyuta hukokotoa ukali wa mteremko, urefu wake na njia ya maji, kisha huugawa mlima katika vidakio vidogo, yaani maeneo ambayo maji yake yote hutiririkia kijito kimoja. Ukiongeza aina ya udongo, mvua na picha za satelaiti za mashamba, unajua kidakio kipi kianze. Mimi ningeongeza swali ambalo wataalamu hulisahau: maji yake yanakwenda kwa nani? Tope la Mto Ngerengere hujaa katika Bwawa la Mindu, tegemeo la Manispaa ya Morogoro. Kidakio cha aina hiyo kinastahili kutangulia hata kama kingine kina mmomonyoko mkubwa kidogo kuliko wake.

Wapo wanaohofu kwamba ramani itakuwa kisingizio cha kumfukuza mkulima. Hofu hiyo ina historia. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi karibu kila mahali, hata penye udongo mwembamba ambako kuchimba kulifukia rutuba, na mwaka 1955 wananchi waligoma mpaka mpango ukavunjika. Kosa lilikuwa shuruti, pamoja na dawa moja kwa kila shamba. Ramani nzuri inaonyesha tofauti ambazo amri ile ilizipuuza. Ni kweli pia kwamba kipande cha mita 30 hakioni njia ya miguu iliyogeuka korongo. Ndiyo maana orodha ya kompyuta ipelekwe vijijini, ikakaguliwe kwa miguu pamoja na wakulima kabla ya shilingi kutumika.

Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ibandike ramani hiyo kwenye ofisi za kata, ikiwa na sababu za kila kidakio kilichochaguliwa, na sehemu ya bili zinazolipwa mijini iwafidie wakulima wa vidakio hivyo kwa kazi ya kuzuia tope.