Ati mwanao anataka kusomea taka?

Mzazi uliyeko Meru au Embu, mwanao akikwambia anataka kusomea mambo ya taka, usimng'akie ati hukulipa karo apate kuwa mzoaji. Mkumbuke Profesa Wangari Maathai wa Nyeri, ng'ambo ile ya Mlima Kenya. Mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, akafundisha anatomia ya mifugo. Ndiye huyo aliyeikemea mifuko ya plastiki: inashika maji ya mvua, mbu wanazaana humo, watu wanaugua malaria. (Sisi tuliona uchafu tu.) Alifariki 2011, mifuko ikapigwa marufuku Agosti 2017.

Na kazi ingalipo. Sheria ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Je, nani atapima kama maganda ya sokoni Gakoromone yametoa mbolea salama kwa shamba? Hiyo ni kazi ya maabara, si ya toroli.

Vyuo vikuu viko karibu: cha Meru kilipewa hati 2013, cha Embu 2016. Kabla ya kugomba, mwulize alama zake za kemia.