Kijana wa Kisii Aonyeshe Kazi Gani?

Mimi ni mtu wa pwani, niliyefundishwa kushika kalamu na mwalimu wa chuoni kabla ya kuiona skuli, na huenda msomaji akauliza nina haja gani na Kisii na Nyamira. Haja yangu ni maandishi. Huko vilimani nimezungumza na vijana waliosoma vyema ambao wanataka kula kwa kalamu, si ya ushairi, bali ya kuandika maelekezo ya kiufundi: namna ya kutumia chombo, namna ya kufanya kazi hatua kwa hatua. Kinachowasumbua ni kimoja. Mwajiri hutaka kwanza jalada la kazi ulizokwisha andika. Mwanagenzi atazitoa wapi?

Ajabu ni kuwa wengine wao wameandika mno. Wamewaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, biashara iliyoenea Kenya hata ikatengenezewa filamu mwaka 2024, The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 2022 kuifanya biashara hiyo kuwa kosa. Mbali na kuwa udanganyifu haufai, tazama hasara ya mwandishi mwenyewe: ameandika juu ya uuguzi, sheria na uhandisi, na kila karatasi ina jina la mtu mwingine. Siku ya kuulizwa kazi yake, hana hata ukurasa mmoja wa kufungua.

Nao wanaotaka kuanza upya huniambia watabuni maelezo ya simu au ya mtambo ambao hawajaugusa. Hasha! Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar, aliandika kitabu chake cha uongozi wa vyombo karibu mwaka 1490, na mengine akayatunga kwa beti. Aliandika bahari aliyoisafiri, na jina lake tunalo mpaka leo.

Bahari ya kijana wa Nyamira ni chai. Majani huchumwa mawili na chipukizi lake. Hayashindiliwi kikapuni, kwani yakibanwa hupata moto na kuharibika kabla hayajafika kiwandani Kebirigo au Sanganyi. Haya kila mkulima anayajua. Lakini gunia la mbolea limeandikwa NPK 26:5:5, na ni wangapi walioelezwa tarakimu hizo? Ile 26 ni naitrojeni katika kila 100, yaani kilo 13 ndani ya gunia la kilo 50. Karatasi moja inayoeleza hayo, na jinsi ya kuinyunyiza mbolea hiyo shambani, ni kazi kamili ya kutiwa jaladani. Na iandikwe kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Ekegusii, maana mwenye kueleza jambo moja kwa lugha tatu bila ya kulipotosha si mwandishi wa kupuuzwa.

Ukishuka Tabaka, kwenye mawe laini yanayochongwa, kuna jingine. Kinyago husuguliwa kwa msasa na maji, kikauke, kisha king'arishwe kwa nta. Mafundi wanayajua haya mikononi. Kijana na aketi nao, aulize, aandike: msasa upi huanza, upi humaliza, vumbi lake lizuiwe vipi lisiingie mapafuni. Kompyuta za siku hizi zitamwandikia yeyote maneno matamu juu ya jiwe, lakini hazijapata kuketi Tabaka.

Kisha, na hapa ndipo ninapoona wengi huachia njiani, karatasi ijaribiwe. Apewe mtu asiyewahi kung'arisha jiwe, naye mwandishi akae kando, asitie neno. Pale mtu yule anapokwama, ndipo pa kuandikwa upya. Jaladani ziwekwe nakala zote mbili, ya kabla ya jaribio na ya baada yake, pamoja na mistari michache ya kueleza kilichobadilika na kwa nini. Kazi tatu za namna hiyo, kwangu mimi, zashinda thelathini za kubuni.

Wenye viwanda nao wasingoje kuombwa. Karatasi nzuri ya mbolea ibandikwe kwenye vituo vya kununulia majani, na chini yake liandikwe jina la aliyeiandika.