Potwe hana habari na likizo yetu

Mhariri,

Mimi na shoga yangu tunadunduliza kwa ajili ya safari ya kisiwa cha Mafia mwaka wa pili sasa. Kibubu kiko kwangu, maana yeye pesa haimkai mkononi; daftari analo yeye, maana mimi hesabu zinanipiga chenga.

Wakala mmoja wa safari alitaka kutuuzia siku nne za Julai. Bango lake lote ni papa potwe, yule samaki mkubwa wa madoadoa meupe. Tulibakiza kulipa tu. Bahati nzuri tulifika Nyamisati kuulizia nauli ya boti, tukamkuta mvuvi akikalafati mashua yake, pamba kidoleni, hata kichwa hakuinua. "Dada zangu, Julai ni kusi. Potwe mtamwona kwenye hilo hilo bango."

Potwe huonekana zaidi karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Wakala halijui hilo? Analijua sana! Na kiingilio cha Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995, hakukitaja hata kwa bahati mbaya.

Naomba mawakala waandike miezi kwenye matangazo yao, kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Sisi tumesogeza hadi Novemba. Shoga yangu amenuna, ruhusa ya kazini alishaiomba, na anasema magofu na popo wa kisiwa cha Chole, huko huko Mafia, wapo hata Julai. Hapo, kusema kweli, sina jibu.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam