Mafuta Yana Kauli Ndani ya Kiini cha Seli

Hoja kwamba mafuta katika seli ni akiba na ukuta tu, na kwamba kiini ni himaya ya protini na DNA, imepitwa na ushahidi kwa zaidi ya miaka 30. Mtoto wa kisiwa cha Nkombo, kule Rusizi, anayekula samaki wadogo wa Ziwa Kivu waitwao sambaza wakiwa wazima, maini na vyote, anapata vitamini A, ambayo ni lipidi, yaani jamii ya mafuta. Mwili huigeuza kuwa asidi ya retinoiki. Hiyo huingia katika kiini na kushikana na kipokezi kilichokaa juu ya DNA, nacho hubadili umbo, huziachia protini zinazozima jeni na kuzikaribisha zinazoziwasha. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1987. Ukuta hauwashi jeni.

Mpinzani atasema lipidi zenye mikia isiyopatana na maji haziwezi kuelea ndani ya kiini, hivyo zinazoonekana humo ni mabaki ya utando wake. Pingamizi hili lina uzito, ila lilijibiwa mwaka huohuo wa 1987: watafiti Lucio Cocco, Robin Irvine na wenzao waliuondoa utando kwa kemikali ya jamii ya sabuni, na viini vilivyobaki viliendelea kutengeneza lipidi ziitwazo fosfoinositidi. Tena, nani kasema lazima zielee? Protini iitwayo SF-1 huficha mikia ya lipidi hizo mfukoni mwake na kuacha kichwa nje, ambako vimeng'enya huongeza au kuondoa fosfeti, na utendaji wa SF-1 hubadilika. Anayeitetea hoja ile atueleze kwanza kichwa hicho kinafanya nini pale nje.