WALIMU WATUACHA: KOSA NI LA NANI?

Ndugu wafanyakazi wa reli,

Sisi tunaotoka upande wa Nyamache, katika Kaunti ya Kisii, twaomba nafasi katika karatasi hii ya chama chetu. Wengine watauliza: mambo ya walimu yahusu nini watu wa reli? Jibu letu ni fupi. Sehemu kubwa ya mshahara wetu huenda shuleni. Twakaa mbali na nyumbani, Kisumu, Nakuru, Nairobi na Mombasa, twafanya kazi mchana na usiku, ili watoto wetu wasome. Ikiwa darasani hakuna mwalimu, basi kazi yetu yote hiyo ni bure. Kwa hiyo jambo hili ni letu, na leo twataka kulisema wazi.

Kila tunapokwenda nyumbani kwa likizo twasikia maneno yale yale. Mwalimu wa hesabu ameondoka. Mwalimu wa sayansi aliondoka muhula uliopita. Mkuu wa shule ni mgeni, hata wazazi hajawajua. Mtoto wa mwenzetu mmoja anasoma katika shule ya huko kwetu, ambayo hatutaitaja jina. Tangu aingie Gredi ya 7 amepata walimu wanne wa hesabu. Wa kwanza alihamishwa. Wa pili alikuwa mwanagenzi, akachoka na malipo, akaenda mjini kuuza dawa za mifugo. Wa tatu alilipwa na wazazi, na wazazi walipokawia miezi mitatu bila kumlipa, naye akaondoka. Wa nne yupo, lakini hakuna ajuaye kama muhula ujao atakuwapo.

Tulilitazama daftari la mtoto yule. Hesabu za visehemu zimeandikwa mara tatu, maana kila mwalimu mpya alianza hapo hapo. Aljebra haimo hata ukurasa mmoja. Je, mtoto huyu akianguka mtihani, tumchape? Tuseme hana akili?

Ndugu, sisi watu wa reli twajua maana ya kupokezana zamu. Mkuu wa stesheni haachi meza yake mpaka mwenzake amefika, amesoma kitabu na kutia sahihi. Dereva hapewi gari la moshi peke yake katika njia asiyoijua. Kwanza hupanda pamoja na mwenzake anayeijua, aione milima, kona na madaraja, ajue wapi pa kufunga breki na wapi pa kuvuta. Bwana mkubwa akimtoa dereva wa Nakuru na kumtia njia ya Voi usiku ule ule, bila kumfundisha njia, chama chetu kingepiga kelele siku ile ile, na haki ingekuwa yetu.

Sasa twauliza: njia ya mwalimu ni nyepesi kuliko ya dereva? Mwalimu naye ana njia ya kujifunza. Ana watoto hamsini au zaidi mbele yake. Lazima ajue nani haoni ubao, nani huja shuleni bila kula, nani ananyamaza kwa haya na nani ananyamaza kwa kutojua. Jambo hilo huchukua muhula mzima, pengine mwaka. Mwalimu akiondoka, ujuzi huo huondoka naye, na ajaye huanza tena mwanzo. Reli haikubali mambo hayo kwa mabehewa ya mafuta. Kwa nini yakubaliwe kwa watoto?

Wako wenzetu wasemao kwamba kosa ni la walimu wenyewe. Wasema walimu wana tamaa, kila mwaka wanagoma, hawapendi watoto kama walimu wa zamani. Maneno haya tumeyasikia hata katika nyumba zetu za reli, nasi twasema si kweli. Kwanza yafaa tukumbuke mambo yalivyokuwa.

Kabla ya mwaka 1967 mwalimu wa Kenya hakuwa na mwajiri mmoja. Huyu aliajiriwa na misheni, yule na halmashauri ya wilaya, na masharti ya kazi hayakuwa sawa. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tumesimuliwa na wazee wetu jinsi mwalimu alivyoweza kupoteza kazi kwa kutompendeza mkubwa wa misheni tu. Chama cha walimu, KNUT, kiliundwa mwaka 1957, na moja ya madai yake makubwa lilikuwa hili: mwajiri mmoja kwa walimu wote na masharti mamoja. Walimu walishikamana, na mwaka 1967 Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikaundwa kwa sheria. Hiyo haikuwa zawadi. Iliombwa, ikadaiwa, ikapatikana.

Sisi wenye umri wa miaka thelathini na kitu tulikuwa watoto walimu walipogoma mwaka 1997. Tulifurahi, tukaenda kutega ndege. Hatukujua kwamba serikali iliwaahidi nyongeza kubwa ya kulipwa kwa miaka mitano, na mwaka 1998 ikakataa kuendelea kulipa, nao wakagoma tena. Mwaka huo huo wa 1998 serikali ilisimamisha desturi ya kumwajiri kila mwalimu aliyehitimu chuo. Kisha Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Hilo lilikuwa jambo jema, hatulipingi. Watoto wa shule za msingi katika nchi nzima waliongezeka kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 kwa mwaka mmoja. Madarasa yalijaa hadi dirishani. Lakini walimu hawakuongezwa kwa kipimo hicho.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa taabu hii. Kwetu Gusii walimu wapo. Zunguka Nyamache, toka kiwanda cha chai uteremke hadi vijijini, utakuta nyumba baada ya nyumba kuna kijana mwenye cheti cha ualimu. Mmoja anaendesha pikipiki, mwingine anachuma chai ya jirani, mwingine amekwenda Uarabuni kuwa yaya. Watu hawapungui. Kinachopungua ni nafasi za kudumu. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba nchi haina walimu, twamjibu: walimu tunao, ila hamtaki kuwaandika.

Tazameni sasa hali ya chumba cha walimu. Katika chumba kimoja wako walimu wa namna tatu. Wa kwanza ameandikwa na Tume kwa kudumu, ana mshahara kamili na malipo ya uzeeni. Wa pili ni mwanagenzi. Huyu amehitimu na kusajiliwa kama yule wa kwanza, anafundisha vipindi vile vile, lakini katika sekondari msingi alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wa tatu ameandikwa na bodi ya shule kwa fedha za wazazi, na kwetu wako wanaopata elfu tano au elfu saba, tena kwa kubahatisha. Mchuma chai hodari wakati wa mvua humshinda mwalimu huyu. Kazi moja, malipo matatu! Je, hatukurudi nyuma, kule kule kabla ya 1967?

Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume haikuwa na uwezo wa kisheria wa kuwaweka walimu kama wanagenzi. Wanagenzi wenyewe waligoma mwaka ule, na Januari 2025 walimu 46,000 waliandikwa kwa kudumu. Twawapongeza. Lakini mwaka huo huo wa 2025 wanagenzi wengine 20,000 wakaingizwa kwa mtindo ule ule. Huku ni kuziba shimo moja na kuchimba jingine kando yake. Mtu aliyewekwa kazini kwa namna hiyo akiitwa mahali penye mshahara, atakwenda. Nasi tungekwenda. Nani kati yetu angebaki kwenye karakana kwa theluthi ya mshahara wa mwenzake wa meza moja?

Kuna na habari ya uhamisho. Kuanzia mwaka 2018 Tume iliwahamisha wakuu wa shule na walimu wengi kutoka kaunti zao na kuwapeleka mbali. Sababu zilitolewa: ati mwalimu wa nyumbani huangalia shamba lake na duka lake kuliko darasa. Hatusemi kwamba hakuna walimu wa namna hiyo. Wapo, twawajua, na wanatukasirisha. Lakini mvivu mmoja huitwa na kuadhibiwa yeye. Kuwang'oa mvivu na hodari pamoja, kutenga mume na mke, kumwacha mama mgonjwa bila mtu, hiyo si dawa. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha hoja ya kukomesha mpango huo, na tangu mwaka 2023 wengi wamerudishwa kwao. Vema. Lakini hesabuni: mtoto alipoteza mwalimu katika kwenda, na mtoto wa mahali pengine akapoteza mwalimu katika kurudi.

Tena tusije tukasema kwamba Mgusii afundishwe na Mgusii tu. Ndugu zetu walimu wamefundisha Mandera, Wajir na Garissa kwa miaka mingi. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na Al-Shabaab, abiria 28 wakauawa, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Baada ya hapo Tume iliwaondoa walimu wasio wenyeji katika sehemu nyingi za huko, na watoto wakabaki na madarasa matupu. Nani awezaye kuwalaumu walimu wale kwa kuondoka? Mtoto wa Garissa ana taabu ile ile ya mtoto wa Nyamache, na yake ni kubwa zaidi. Mwalimu hukaa mahali penye usalama, nyumba na mshahara. Hilo ni kweli Garissa na ni kweli Nyamache.

Sasa tujisute na sisi wenyewe, maana si haki kunyoosha kidole upande mmoja tu. Sisi tulioko kazini mbali twapenda kuchanga kwa vitu vinavyoonekana. Tumechangia lango lenye jina la shule. Tumechangia basi. Mbunge akija na harambee tunapiga makofi, tunapiga na picha. Nani kati yetu alisimama siku ile akauliza: Mheshimiwa, mwaka huu Bunge limetoa fedha za walimu wangapi, na Bobasi itapata wangapi? Walimu walipogoma mwaka 2024 tulinung'unika kwamba watoto wanapoteza wakati. Kumbe miezi yote ya darasa bila mwalimu wa hesabu tulikuwa kimya! Siku chache za mgomo tulizihesabu, na mwaka mzima wa pengo hatukuuhesabu.

Tena tusimgombeze mkuu wa shule au gavana kwa jambo lisilo lao. Katiba ya 2010, kifungu cha 237, yaipa Tume kazi ya kuwaandika walimu, kuwapanga na kuwahamisha. Fedha hutolewa na Bunge. Gavana ana walimu wa chekechea. Basi tupige hodi kwenye mlango wenyewe.

Haya ndiyo tunayoyataka, na twaomba matawi yote yayajadili:

1. Mwalimu asihamishwe mpaka wa kumpokea amefika, akakaa naye darasani, akakabidhiwa daftari za kazi. Tena uhamisho usifanywe katikati ya mwaka ila kwa ugonjwa au hatari.

2. Kazi moja, malipo mamoja. Mwalimu aliyesajiliwa na kupewa darasa aandikwe kwa kudumu.

3. Mwalimu anayelipwa na wazazi ahesabiwe kama pengo, maana kila mmoja wa hao ni ushahidi kwamba Tume ina deni mahali pale. Na nafasi zikitoka, miaka aliyotumika ihesabiwe.

4. Chama chetu kiandike barua kwa vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, kuwaambia kwamba watakapodai mambo haya, watu wa reli wako pamoja nao.

5. Kila mmoja wetu aendapo likizo aingie shuleni, aombe kuona daftari la mtoto wake, aandike ni walimu wangapi wamepita kwa mwaka, na somo gani halina mwalimu. Alete hesabu hiyo tawini. Tukiwa na hesabu hizo mkononi, Mbunge hataweza kutujibu kwa hadithi.

Ndugu, gari la moshi likisimama katikati ya njia, hatuanzi kwa kuwalaumu abiria, wala hatumlaumu dereva aliyeshushwa kwa amri ya ofisi. Twauliza ofisi: nani alimshusha, na mbona hamkuleta mwingine? Basi tuulize vivyo hivyo kwa ajili ya shule. Muhula mpya hauko mbali, na mtoto yule angali anangoja aljebra.

Ni sisi wenzenu,
Wafanyakazi wa Reli kutoka Nyamache.